SOMO: Kulifuata neno "mata" kutoka Taiwan hadi Hawaii (na kwa nini macho yetu hayamo)

Haupiti mwezi bila mtu kuja humu na kuandika, "Jamani, Wamalei jicho wanaliita mata, Wamalagasi maso, sisi macho. Hawa si ndugu zetu?" Nimejibu mpaka nimechoka. Leo naandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

Tunashughulika na neno moja, jicho, katika lugha za Kiaustronesia. Huo ni ukoo wa lugha zipatazo 1,200. Chimbuko lake ni Taiwan, ukashuka Ufilipino na Indonesia, ukaenda mashariki mpaka Rapa Nui (Kisiwa cha Pasaka, katika Pasifiki) na magharibi mpaka Madagaska.

Hatua ya 1. Chagua neno la nyumbani: kiungo cha mwili, namba, jiwe, maji. Maneno ya dini na biashara yaache, hayo hupanda jahazi yakaenda popote.

Hatua ya 2. Kusanya kutoka kwenye kamusi, si kwenye picha za kutumiana. Kimalei mata, Kitagalogi mata, Kifiji mata, Kisamoa mata, Kihawaii maka, Kipaiwan cha Taiwan maca.

Hatua ya 3. Soma sauti, usisome herufi. Ile c ya Kipaiwan hutamkwa ts. Na o ya Kimalagasi hutamkwa u, kwa hiyo vato (jiwe) ni "vatu", na mara unaliona batu la Kimalei limesimama mbele yako.

Hatua ya 4. Tafuta sauti zinazobadilishana kwa mpango. Panapo t ya Kimaori, Kihawaii kina k: toru na kolu (tatu), whitu na hiku (saba), tapu na kapu (mwiko), tangata na kanaka (mtu). Kwa hiyo maka ya Kihawaii haituhangaishi, ndiyo mata yenyewe. Ukitaka kuona kanuni tatu kwa mpigo, chukua kundi la nyota tunaloliita Kilimia. Wamaori huliita Matariki, na tangu 2022 New Zealand ina sikukuu ya taifa kwa jina hilo. Wahawaii huliita Makaliʻi. T imekuwa k, r imekuwa l, na k imekuwa ile sauti ya kukata koo inayoandikwa kwa alama ʻ. Jozi moja ya maneno haithibitishi kitu. Jozi sita zinazokwenda njia moja, hapo una kanuni mkononi.

Hatua ya 5. Chuja maneno ya mkopo. Hii isomeni mara mbili, kwa sababu ndiyo inayoangusha watu, na mimi iliniangusha. Kimalagasi ni lugha ya Kiaustronesia bila ubishi. Mwaka 1951 Otto Dahl, mmisionari wa Norwei, alionyesha kwamba jamaa yake wa karibu ni Kimaanyan cha kusini-mashariki mwa Borneo. Mtu akiona maso anasema basi, hili hapa mata la Madagaska, analipanga na wenzake. Subiri! Liulize kwa kanuni. T ya kale ikifuatwa na a hubaki t kwa Kimalagasi: kufa ni maty (zamani matay), kuonekana ni hita, na hilo hita ni lile lile kita la Kitagalogi. Kama kita imetoa hita, mata ingepaswa kutoa mata. Hiyo s imetoka wapi? Na hiyo o?

Sasa geukia bara. Kichewa: diso, wingi maso. Kinyarwanda: amaso. Kiganda: amaaso. Wamalagasi wamelichukua neno la Kibantu likiwa tayari katika wingi, ma- na yote, na kwao maso ni jicho moja. Wala si neno pekee walilochukua upande huu: omby ni ng'ombe, ondry ni kondoo, osy ni mbuzi, akoho ni kuku, akanga ni kanga.

Tahadhari mbili hapa. Kwanza, neno linalofanana zaidi na la kwenu ndilo la kutiliwa shaka zaidi. Pili, kukopa neno hakubadilishi ukoo wa lugha. Kiswahili kimejaa Kiarabu na bado ni Kibantu.

Hatua ya 6. Fuata maana, lakini usiifanye ushahidi. Hapa pana utamu. Kwa Kiindonesia, ambacho ni Kimalei cha Indonesia, matahari ni jua, yaani jicho la siku. Mata air ni chemchemi, mata pisau ni makali ya kisu, mata uang ni sarafu ya nchi, mata-mata ni mpelelezi. Kule Fiji matanivanua, "jicho la nchi" au "uso wa nchi", ni msemaji wa chifu. Na Madagaska? Jua ni masoandro, jicho la siku vilevile, na machozi ni ranomaso, maji ya jicho, kama air mata ya Kiindonesia. Nyumba ni ya Kiaustronesia, tofali moja ni la Kibantu.

Hatua ya 7. Andika umbo la kale ukitanguliza nyota, *mata, ili msomaji ajue limekadiriwa na halikukutwa limeandikwa mahali. Ukirudi nyuma hadi Taiwan linakuwa *maCa, kwa C kubwa, kwa kuwa lugha za kule hutofautisha sauti mbili ambazo nje ya kisiwa zilichanganyika zikawa t.

MASWALI

Chuma Chakavu: Mkuu, kwa hiyo mata na macho ni ndugu au si ndugu?

Jibu: Si ndugu.

Chuma Chakavu: Mbona zinafanana sana?

Jibu: Kigiriki cha leo jicho ni mati. Nao tuwaandikie barua ya undugu? Halafu toa ma- kwenye macho. Ni ya wingi, kama kwenye masikio na mapafu. Ma ya mata ni ya mzizi, haitoki. Ulikuwa unalinganisha kiambishi na nusu ya neno.

Mzee wa Bandari: Mwandishi unapotosha. Ngalawa zetu zenye mbao za pembeni zimetoka kwa watu wa Indonesia, kwa hiyo Waswahili tumetoka huko.

Jibu: Nimeandika kuhusu jicho, mzee wangu, sikuandika kuhusu ngalawa. Ni kweli umbo hilo la chombo lina asili kwa mabaharia wa Kiaustronesia, na ndizi nazo zilitoka pande za Asia. Fundi anaweza kuiga chombo cha mgeni bila kuwa mjukuu wake. Ukiwa na jozi sita za maneno, zilete, nitazisoma zote.

Binti Langoni: Mwalimu, mimi wa Amu. Sisi twasema mato, si macho. Mato na mata yako karibu zaidi, au naona vibaya?

Jibu: Dada, swali hili ndilo nililokuwa nalisubiri. Fanya hatua ya 4 kwa lugha yako. Unguja wanasema kucheka, nyinyi kuteka. Chozi, tozi. Mchanga, mtanga. Kuchukua, kutukua. Kila mara ch yao ni t yenu, kwa hiyo mato ni macho yaleyale kwa kanuni yenu ya ndani. T yenu imefika hapo kwa njia yake na t ya Wamalei kwa yake. Zimekutana kwa bahati.

Binti Langoni: Nimefahamu, ahsante. Na kifundo cha mguu wazee wetu hukiita ito la guu.

Jibu: Umenifurahisha! Kiindonesia kifundo hicho ni mata kaki, jicho la mguu. Kadhalika chemchemi: sisi tuna jicho la maji, wao mata air, na Waarabu ʿayn ni jicho na ni chemchemi. Lugha za koo tatu, wazo moja. Ndiyo maana hatua ya 6 inasema maana si ushahidi. Wamalagasi wao chemchemi huiita loharano, kichwa cha maji.

Mpishi Mstaafu: Nilifanya kazi melini na Waindonesia. Yai la kukaanga lisilopinduliwa waliliita telur mata sapi. Sikujua kumbe ni jicho la ng'ombe.

Jibu: Ndilo hilo. Ukiandika orodha yako ongeza na mata ikan, jicho la samaki, yaani sugu ya unyayoni.

Kalamu Kavu: Yule jasusi Mata Hari naye ni huyuhuyu?

Jibu: Jina la jukwaani. Alikuwa Mholanzi, Margaretha Zelle, aliwahi kuishi Java, na Wafaransa walimpiga risasi 1917. Kwa Kimalei jina lake ni jua tu.

Juma Mdadisi: Nataka kujaribu mwenyewe. Nipe neno lingine, usinipe jibu.

Jibu: Chukua tano. Kiindonesia lima, Kisamoa lima (kwao ni mkono pia), Kimaori rima, Kimalagasi dimy. Usilete jembe hapa. Kidokezo: ngozi ni kulit kwa Kiindonesia na hoditra kwa Kimalagasi, lakini mbingu ni langit na lanitra. Angalia irabu inayofuata l.

Juma Mdadisi: L ikifuatwa na i inakuwa d, kwingine inabaki l. Lakini dimy inaishia y. Ile a ya lima imekwenda wapi?

Jibu: Haikupotea yote. Tafuta hamsini kwa Kimalagasi.

Juma Mdadisi: Dimampolo. Iko katikati!