Nani Anaweza Kujiunga na Jaribio la Dawa ya Saratani ya Mapafu Iliyosambaa

Kabla ya kuomba nafasi, chukua jalada lako la hospitali na utafute majibu ya maabara ya kipande cha uvimbe, kwa kuwa hayo ndiyo yatakayoangaliwa kwanza: aina ya saratani, hatua yake, ambayo kwa kawaida ni ya nne au ya tatu isiyoweza kufanyiwa upasuaji, na mabadiliko ya jeni kama EGFR au ALK. Majaribio mengi hupokea wagonjwa wenye umri wa miaka 18 na zaidi walio katika daraja la 0 au 1 la kipimo cha ECOG, kinachoonyesha jinsi mgonjwa anavyomudu shughuli za kila siku, yaani mtu anayejihudumia na kumudu kazi nyepesi kama kupika, hata kama kubeba ndoo ya maji kumemshinda. Damu, figo na ini hupimwa pia. Saratani iliyofika kwenye ubongo si lazima imzuie mgonjwa, mradi imetibiwa na kutulia. Orodhesha dawa zote ulizotumia pamoja na tarehe zake, na tafadhali usifiche za mitishamba, kwani baadhi huingiliana na dawa inayojaribiwa. Fomu ya ridhaa isome nyumbani pamoja na ndugu, bila haraka. Hata ukishatia saini, una haki ya kujitoa wakati wowote.