Jinsi ya kujifunza maneno magumu ya Kiingereza bila kuishia kwenye tafsiri

Mdogo wangu anajiandaa kwa mtihani wa Kiingereza. Daftari lake lilikuwa na maneno zaidi ya mia tatu, kila moja na tafsiri yake ya Kiswahili pembeni. Nikamwambia atunge sentensi kwa neno "notorious", ambalo kwake lilikuwa "maarufu". Akaandika: "My grandmother was a notorious teacher." Alikusudia kumsifu bibi, lakini msomaji wa Kiingereza ataelewa kwamba bibi alijulikana kwa ubaya. Tukaanza daftari upya, hivi.

Hatua ya 1: Chagua maneno

Chukua yale unayokutana nayo mara kwa mara unaposoma. Ukitaka orodha iliyo tayari, tafuta ile ya maneno ya kitaaluma iliyochapishwa na Averil Coxhead mwaka 2000: ina familia 570 za maneno, yaani neno la msingi pamoja na maumbo yake. Kumi kwa wiki yanatosha.

Hatua ya 2: Soma fasili ya Kiingereza kwanza

Tumia kamusi iliyotungwa kwa ajili ya wanaojifunza lugha. Ile ya Longman, kwa mfano, hufasili kwa maneno ya kawaida yapatayo 2,000, kwa hiyo hutafukuzwa kutoka neno gumu hadi gumu jingine. Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ije mwisho, kwa kuhakiki tu. Hapo sibadiliki.

Hatua ya 3: Andika neno pamoja na wenzake

Hii ndiyo iliyonila miezi, basi twende polepole.

Mgeni akiambiwa kwamba "piga" ni kuchapa, atafanya nini na piga pasi, piga deki, piga simu? Hana budi kujifunza kila moja pamoja na mwenzake. Kiingereza ni vilevile. Chukua "mitigate", "alleviate" na "curtail". Kwenye daftari la zamani yote matatu yalikuwa "punguza". Lakini "mitigate" hupunguza makali ya jambo baya: "mitigate the risk", "mitigate the effects". "Alleviate" huenda na mateso: "alleviate pain", "alleviate poverty". "Curtail" ni kubana au kukatiza: "curtail spending", "curtail freedom". Bei haiingii kwenye "mitigate" wala "alleviate"; bei ni "reduce" au "cut".

Kwa hiyo, kwa kila neno tafuta sentensi tatu zilizoandikwa na watu wengine. Mifano ya kamusi inafaa. Ukikwama, ingia COCA, hazina ya matini ya Kiingereza cha Marekani yenye maneno zaidi ya bilioni moja, utazame nomino zinazolifuata neno lako. Nakili mambo manne:

- nomino linazoambatana nazo;
- kihusishi chake, kama kipo. "Mitigate" halihitaji kihusishi. Wengi huandika "mitigate against" kwa kulichanganya na "militate against", ambalo ni kuwa kikwazo kwa jambo;
- hisia yake, nzuri au mbaya. Hata "cause", linaloonekana halina upande, mara nyingi hufuatwa na ajali, hasara na maumivu;
- mahali pake. "Commence" ni la barua rasmi; ukilitumia kwenye soga, utasikika kama unasoma hotuba.

Tahadhari: orodha za visawe zitakuvutia sana. Zifungue tu baada ya kumaliza mambo haya manne, kwa sababu huweka maneno kando kwa kando bila kukueleza lipi linakaa na lipi.

Hatua ya 4: Tunga sentensi mbili zako

Ziwe za kweli, kuhusu maisha yako. Mpe anayekijua Kiingereza azikague.

Hatua ya 5: Rudia kwa kuachanisha siku

Kesho, kisha baada ya siku tatu, wiki, wiki mbili, mwezi. Anki, programu ya kadi za kujikumbusha, hupanga hizo siku yenyewe, lakini tengeneza kadi zako mwenyewe. Kadi za kupakua hazina sentensi ulizozitafuta kwa jasho. Mbele ya kadi usiandike neno tupu. Andika sentensi yenye pengo: "The new drains will ____ the effects of flooding." Ukikosa kadi moja mara tatu, ifute, urudi hatua ya 3 utafute sentensi nyingine.