Kuondoa Nafasi Tupu Mwishoni mwa Mistari ya Msimbo Huria

Kabla ya kufuta chochote, waulize wasimamizi wa mradi, kwa kuwa baadhi yao hukataa usafi wa jumla unaovuruga historia ya faili, nami naona wana haki. Wakikubali, amri ya Git (programu inayotunza historia ya msimbo) `git grep -nI '[[:blank:]]$'` itakuonyesha kila mstari wenye nafasi tupu mwishoni, pamoja na namba yake.

Tenga kwanza faili za Markdown (maandishi yenye alama rahisi za mpangilio), ambamo nafasi mbili mwishoni mwa mstari humaanisha kukata mstari, na faili za majaribio ambazo yaliyomo hulinganishwa herufi kwa herufi. Hapo ndipo pupa huharibu kazi. Kwa faili zilizobaki, ukiwa kwenye Linux, tumia `sed -i 's/[[:blank:]]*$//'` ikifuatwa na jina la faili, kisha endesha `git diff -w`, ambayo hupuuza tofauti za nafasi tupu na hivyo haipaswi kuonyesha badiliko lolote.

Yaweke mabadiliko haya katika komiti (kifurushi cha mabadiliko kilichohifadhiwa katika Git) yake pekee, yasichanganyike na marekebisho ya hitilafu, la sivyo mkaguzi hatajua atazame wapi. Ili nafasi hizo zisirudi, andika `trim_trailing_whitespace = true` katika faili ya `.editorconfig`, yenye mipangilio inayosomwa na vihariri vya msimbo, kwa aina za faili ulizosafisha tu, na uendeshe `git diff --check`, inayoonyesha nafasi hizo katika mabadiliko yako, kabla ya kila komiti.