Somo: Maswali ya asilimia yenye makundi yanayoingiliana

Maswali haya huwaangusha hata wanafunzi wazuri wa hesabu, na mara nyingi kosa liko kwenye kusoma. Mtu akiona 65% na 55% anakimbilia kujumlisha, anapata 120%, kisha anajiuliza asilimia imevukaje mia. Haijavuka. Kuna watu amewahesabu mara mbili.

Tufanye swali moja mpaka mwisho:

Katika mtihani, 65% ya watahiniwa walifaulu hisabati, 55% walifaulu sayansi na 10% walifeli masomo yote mawili. Waliofaulu yote mawili ni 48. Je, watahiniwa walikuwa wangapi?

Hatua ya 1: Uliza kila asilimia ni ya nani. Pembeni ya kila namba yenye alama ya % andika kundi inalolihusu. Hapa zote tatu ni za watahiniwa wote, kwa hiyo tunaweza kuzijumlisha na kuzitoa bila wasiwasi. Kama mojawapo ingekuwa "ya waliofaulu hisabati", usingeigusa kabla ya kuigeuza iwe ya watahiniwa wote. Nawaomba sana msiiruke hatua hii hata kama swali linaonekana jepesi. Wengi wanaokosa hukosea hapahapa, kabla hata hawajaanza kukokotoa.

Hatua ya 2: Chora. Mstatili ni watahiniwa wote. Ndani yake weka miduara miwili inayokatana, mmoja wa hisabati na mwingine wa sayansi. Ndiyo michoro ya Venn, iliyopewa jina la John Venn, Mwingereza aliyeichapisha mwaka 1880. Unapata sehemu nne: hisabati tu, sayansi tu, yote mawili, na nje ya miduara. Kila mtahiniwa yumo katika sehemu moja, haiwezekani akawa kwenye mbili.

Hatua ya 3: Waondoe walio nje. Kama 10% walifeli yote, waliofaulu angalau somo moja ni 90%.

Hatua ya 4: Tafuta waliohesabiwa mara mbili. 65 + 55 = 120, lakini watu waliomo ndani ya miduara ni 90 tu. Ile ziada ya 30 ni wale waliotajwa kwenye hisabati wakatajwa tena kwenye sayansi. Basi waliofaulu yote mawili ni 30%.

Jaza mchoro ukianzia katikati kwenda nje: katikati 30, hisabati tu 65 − 30 = 35, sayansi tu 55 − 30 = 25, nje 10. Jumla ni 100. Angalia vizuri ile 35. Swali liliposema 65% walifaulu hisabati, halikusema walifaulu hisabati peke yake. Ndani ya 65 wamo pia waliofaulu yote mawili. Ukiandika 65 kwenye sehemu ya "hisabati tu", kila kinachofuata kitaharibika.

Hatua ya 5: Sasa geuza asilimia ziwe watu. 30% ni watu 48, kwa hiyo 1% ni 48 ÷ 30 = 1.6, na 100% ni 160. Hakiki: hisabati tu 56, sayansi tu 40, yote mawili 48, nje 16. Jumla 160. Ukipata watu wenye desimali kwenye sehemu yoyote, rudi nyuma, kuna mahali umeteleza.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, nimekutana na swali linasema 70% wanacheza mpira na 80% wanaogelea, halafu basi. Waliofeli yote, sijui walio nje, hawajatajwa. Nifanyeje?

Jibu: Huwezi kupata jibu moja, ila unaweza kupata mipaka. Kama hakuna aliye nje, wanaofanya vyote ni 70 + 80 − 100 = 50%. Hicho ndicho kiwango cha chini kabisa. Cha juu ni 70%, yaani wachezaji wote wa mpira wawe pia wanaogelea. Hawawezi kuzidi kundi dogo. Swali likiuliza "angalau asilimia ngapi", jibu 50%.

Swali: Na makundi yakiwa matatu?

Jibu: Jumlisha matatu, toa kila jozi (walio katika makundi mawili kwa pamoja, wakiwemo walio katika yote matatu), kisha rudisha walio katika yote matatu, kwa sababu umewaingiza mara tatu na kuwatoa mara tatu, wakabaki hawamo kabisa. Mfano: makundi 50%, 45% na 40%, jozi 20%, 15% na 10%, yote matatu 5%. Hesabu: 135 − 45 + 5 = 95%. Walio nje ni 5%.

Swali: Mwalimu, hili limenitoa jasho. 60% ya wafanyakazi ni wanawake. 25% ya wanawake na 50% ya wanaume wanajua kuendesha gari. Mimi nimepata 37.5%, kitabu kinasema 35%.

Jibu: Umechukua wastani wa 25 na 50, na wastani huo ungefaa tu kama wanawake na wanaume wangekuwa sawa kwa idadi. Rudi hatua ya 1: ile 25% ni ya wanawake, ile 50% ni ya wanaume. Wafanye wafanyakazi wawe 100. Wanawake 60, robo yao ni 15. Wanaume 40, nusu yao ni 20. Jumla 35, yaani 35%.

Swali: Sawa, nimeelewa. Ila kipengele (b) kinauliza asilimia ngapi ya wanaojua kuendesha ni wanawake. Si ileile 25%?

Jibu: Hapana. Wanawake ni walewale 15, ila sasa unawagawa kwa wanaojua kuendesha, ambao ni 35, si kwa wanawake 60. 15 ÷ 35 ni kama 42.9%.