Baiolojia ipi uchukue kabla ya kuomba udaktari Marekani

Kila Agosti vyuo vinapokaribia kufunguliwa, wadogo zangu kutoka nyumbani huniuliza: nichukue kozi ngapi za baiolojia ili nipokelewe udaktari? Chache kuliko unavyodhani, ila kwa mpangilio.

Huku kwa kawaida hutoki kidato cha sita ukaingia udaktari kama ilivyo Muhimbili. Unamaliza kwanza shahada ya miaka minne, ya fani yoyote ile, ndipo unaomba. Mimi nilidhani baiolojia zikiwa nyingi ndiyo nitaonekana nimejiandaa. Muhula wa tatu nikajiandikisha zuolojia, mikrobaiolojia na kemia ogania, zote na maabara zake. Mshauri wa masomo alisaini bila kuniuliza hata swali moja. Kemia nikapata C. Nikairudia, nikapata A, lakini fomu ya AMCAS, ambayo vyuo vingi vya udaktari huitumia, huhesabu alama zote mbili, na wastani wa baiolojia, kemia, fizikia na hisabati hupigwa peke yake. Maabara mbili kwa muhula zinatosha.

Mwaka wa kwanza chukua baiolojia ya jumla, mihula miwili pamoja na maabara. Usiiruke hata kama kidato cha sita ulifaulu vizuri: kwenye sehemu ya baiolojia ya MCAT, mtihani wa kuingilia udaktari, maswali kama asilimia 65 hutoka humo. Asilimia 25 hutoka kwenye baiokemia ya muhula wa kwanza, na sehemu ya kemia na fizikia nayo ina asilimia 25 nyingine ya baiokemia hiyo hiyo. Kozi moja tu! Hakikisha umeimaliza kabla ya kukaa mtihani. Jenetiki au baiolojia ya seli iweke mwaka wa pili.

Halafu fiziolojia, somo la jinsi viungo vya mwili vinavyofanya kazi, kozi ninayoipenda hadi leo. Bibi yangu Korogwe alikuwa akimeza furosemidi, sisi tukiviita vidonge vya mkojo, bila kujua vinafanyaje kazi. Usiku mmoja nilipasua mfuko wa karatasi wa unga nikachora nefroni, kile kifaa kidogo cha figo kinachotengeneza mkojo, upande wa ndani: kichujio juu, kijibomba kinashuka, kinakata kona, kinapanda. Nikatia alama kwenye ile sehemu nene inayopanda, ambapo dawa huzuia chumvi isirudi mwilini. Chumvi ikibaki kwenye kijibomba, maji nayo yanabaki, na bibi anashinda asubuhi nzima akienda msalani. MCAT huuliza hivyo hivyo: inakupa aya ya utafiti usiowahi kuusikia, nawe ufuatilie chumvi inakokwenda.

Imunolojia (kinga ya mwili) na histolojia (tishu) ni nzuri, zisubiri mwaka wa nne. Badala yake chukua saikolojia na sosholojia, moja moja. Zina sehemu yao nzima kwenye mtihani.

Masharti hutofautiana chuo hadi chuo, kwa hiyo yasome kwenye MSAR, orodha ya mtandaoni ya AAMC, jumuiya ya vyuo vya udaktari vya Marekani, tangu mwaka wa kwanza. Kama huna uraia wala kadi ya kijani, angalia hapo kwanza kama chuo kinapokea wanafunzi wa kigeni. Vingi havipokei, na ni heri ulijue hilo kabla hujalipa ada ya kuomba.