Namna ya Kuuimba na Kuuchora Mji wa Bagamoyo

Ukitaka kuonyesha mapenzi yako kwa Mji Mkongwe wa Bagamoyo kwa shairi na kwa rangi, usianze na mji mzima. Chagua mahali pamoja, kwa mfano ufukwe wa forodha ya zamani ambako wavuvi hushusha samaki, au mlango mmoja wa kuchonga katika Mtaa wa India, kisha kaa hapo mpaka upazoee. Kusema kwamba mji ni mzuri na bahari ni ya buluu kunaufaa mji wowote wa pwani, na mpenzi hamsifu ampendaye kwa maneno yanayomfaa kila mtu.

Nenda asubuhi. Bahari iko mashariki, kwa hiyo jua linapochomoza hupiga kuta zinazoelekea ufukweni, ilhali alasiri kuta hizo hizo huwa kivulini. Maji nayo hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, yakichelewa kwa dakika 50 hivi kila siku, hivyo ukirudi kesho saa ileile hutakuta ufukwe uleule. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji hutoka mbali na vyombo hubaki vimelala ubavu mchangani. Chora kwanza kwa penseli vile vinavyohama, yaani vyombo na watu.

Ukuta ndio unaotaka subira. Nyumba za kale zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na pale lipu ilipobanduka kwa chumvi na mvua, jiwe huonekana na matundu yake madogo. Ukitumia rangi za maji, anza na manjano ya udongo iliyozimuliwa sana, acha ikauke, ndipo uweke kivuli kwa buluu iliyotiwa kahawia kidogo. Pale jua linapopiga, acha karatasi yenyewe iwe weupe. Nyeusi tupu siishauri kabisa, kwa kuwa huua mwanga wa pwani.

Shairi libebe yale yasiyochoreka: kelele za mnada wa samaki, harufu ya mafuta ya kukaangia, na historia. Bagamoyo ulikuwa mwisho wa njia ya misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa kutoka bara, na ulikuwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani hadi 1891; anayeupenda kwa dhati hawezi kuiruka minyororo hiyo. Ubeti wa tarbia una mishororo 4, kila mshororo mizani 16, 8 kwa kila kipande:

Naja kwako Bagamoyo, mji wetu wa zamani,
Walivunjwa wengi moyo, minyororo maungoni,
Bahari haina choyo, yatuletea sokoni,
Majahazi ndiyo hayo, yarejea forodhani.

Hesabu kwa sauti: Ma-ja-ha-zi-ndi-yo-ha-yo, nane kamili. Jina la mji nimeliweka kwenye kina cha kati makusudi, ili mishororo yote iliitikie.

Acha nafasi chini ya picha kwa ajili ya ubeti, uuandike kwa wino usiochuja. Kabla ya kutia rangi, mwonyeshe mvuvi mchoro wako na umuulize kama tanga na kamba zimekaa mahali pake. Akikukosoa, futa penseli na urekebishe hapo hapo, chombo kikiwa bado mbele yenu.