Kuunganisha shaba na alumini kwa mashine ya milingi

Kijana mmoja alishuka na basi kutoka Mafinga na kiroba chenye mabamba ya shaba na alumini, unene milimita 3. Anatengeneza viungio vya umeme vya mota za kiwanda cha mbao. Boliti zimemchosha, maana metali hizo mbili zikigusana penye unyevu, alumini huliwa. Gesi alishajaribu, kiungo kikakatika kama biskuti. Tulishinda karakanani kwangu hapa Mwanjelwa siku nzima, na ninaandika ili asinipigie tena simu usiku.

Gesi ilimwangusha kwa sababu alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 na shaba 1085, lakini zikikutana uji hutokea kwenye 548 tu, na uji huo ukiganda unakuwa mgumu na vunjifu kama kigae. Njia ya msuguano, iliyobuniwa TWI (taasisi ya utafiti wa uchomeleaji), Uingereza, mwaka 1991, haiyeyushi mabamba. Pini inayozungushwa na mashine ya milingi, ile ya kuchonga chuma, inayalainisha na kuyakoroga.

1. Chombo. Kereza chuma cha H13, chuma cha zana kinachostahimili joto: bega (sehemu pana inayokandamiza mabamba kwa juu) kipenyo milimita 16, pini inayochomoza chini yake kipenyo 5 na urefu 2.8. Kigumishwe kwa moto. Wanaotumia shina la keekee wanaokota vipande sakafuni, nimekuwa mmoja wao.

2. Zinki ya katikati, inayokaa kati ya kingo za mabamba mawili yanapokutana. Inapunguza lile tabaka vunjifu. Mimi natumia ganda la betri kavu za tochi, zile za bei rahisi. Za alkalini ganda lake ni chuma. Osha ule unga mweusi, kisha pasha ganda hadi nyuzi 100 au 150 kabla ya kuligonga liwe jembamba, kama milimita 0.1. Likiwa baridi linapasuka.

3. Safisha. Msasa, kisha asetoni.

4. Shaba ikae upande gani. Hapa nilipoteza Jumamosi mbili. Shaba ndiyo ngumu, kwa hiyo ikae upande ambao ukingo wa pini unazunguka kuelekea kule kule chombo kinakosafiri. Ukigeuza, kukoroga hakushiki vizuri na ndani kunabaki handaki, juu pakiwa pazuri kabisa. Nilijua kwamba chombo kikizunguka kama saa upande huo ni kushoto kwa safari. Nikafuata. Mahandaki. Nikalaumu kasi, nikalaumu zinki, nikabadilisha pini. Kijana alipokuja nikamweleza vilevile, akauliza, "Fundi, si inayotembea ni meza?"

Ndiyo. Chombo cha milingi kinazunguka palepale. Meza ikienda kushoto, chombo kwa hesabu kinakwenda kulia. Basi simama mbele ya mashine, spindeli, mhimili unaoshika chombo, izunguke kama saa ukiitazama toka juu. Meza ikienda kushoto, shaba iwe nyuma, upande wa nguzo. Meza ikienda kulia, shaba ije upande wa tumbo lako. Andika kwa chaki mezani.

Usiweke pini katikati ya mstari wa kiungo. Isogeze milimita 1.5 hadi 2 kuelekea alumini, iilambe shaba kidogo tu. Ikiingia sana kwenye shaba, inakatika au unapata vipande vya shaba vilivyozagaa kama changarawe kwenye ugali. Inamisha kichwa cha mashine nyuzi 2 au 3 ili ukingo wa nyuma wa bega ndio uzame. Funga kwa klampu nyingi kuliko unavyodhani, juu ya bamba nene la chuma. Asubuhi za Julai hapa Mbeya bamba hilo linanyonya joto lote, kwa hiyo mimi hulipasha kwanza kwa tochi ya gesi.

5. Endesha. Mizunguko 1000 kwa dakika. Zamisha polepole hadi bega liguse, subiri sekunde 10, kisha meza itembee milimita 50 kwa dakika. Tumia mwendo wa mashine, mkono unatetemeka.

6. Jaribu. Kata kipande, kisugue kwa msasa laini, tafuta handaki. Kingine kikunje kwenye jiliwa.

Pini ikitoka mwishoni inaacha tundu. Kata mkia huo, kwa hiyo anza na mabamba marefu kwa milimita 40 zaidi. Kijana wangu alishakata yake kwa kipimo kamili huko Mafinga. Akayatazama matundu yale, akacheka, akasema atapitishia boliti.